Kifungu Kisichoitwa

Ofisi ya Mradi wa Tahadhari ya Mto,
Kyela.
Jumanne, 9 Februari 1999

Kwa Kaka Erasto Lazaro, Karonga.

Ugonile, kaka. Natumaini mjomba wako amekupokea vizuri huko Malawi na kwamba samaki wa Karonga hawajakusahaulisha watu wa Kyela. Sisi hatujambo, ila mvua imechelewa na joto limetukalia vibaya.

Wewe ndiye uliyeiandika programu ya mto, na ndiye uliyenifundisha kukaa mbele ya kompyuta bila kuiogopa, kwa hiyo naanza kwa heshima. Heshima yenyewe itaisha kabla ya ukurasa huu.

Makao makuu wameingiwa na hofu ya mwaka 2000. Wameagiza programu zote zikaguliwe, na wametuletea disketi tatu zenye kitu wanachokiita Kikaguzi. Chenyewe ni programu inayosoma programu nyingine. Hakiiendeshi. Kinaisoma tu mstari kwa mstari, kama mwalimu anayesahihisha insha, halafu kinatoa orodha ya makosa: hapa umejirudia, hapa pamekuwa parefu mno, jina hili halina maana, kifungu hiki cha maagizo hakiitwi na kifungu kingine chochote kwa hiyo hakifanyi kazi, kifutwe. Nilikilisha programu yako Ijumaa asubuhi. Karatasi zilizotoka zinafika mlangoni.

Makosa mia mbili na kumi na manne, kaka. Ile mita tatu nukta nane, kina ambacho maji yakikifikia tunawatoa watu, umeiandika mahali kumi na moja. Siku tukitaka kuibadilisha na tukasahau mahali pamoja, je? Kuna kifungu cha mistari mia nne bila neno moja la maelezo. Na vifungu kumi na saba Kikaguzi kinasema haviitwi na yeyote.

Hukuwa mvivu, hilo nalijua. Lakini ulipopunguzwa kazi mwaka wa tisini na sita uliniachia programu ambayo naiendesha kila asubuhi bila kuielewa. Maria anapokea namba za kina cha mto kwenye redio koli, ananiletea kwenye kikaratasi, naingiza, mashine inachapa kila kitongoji na neno lake: SALAMA au ONDOKENI. Watu wa Katumba Songwe wanalala au wanahama kwa neno hilo. Karatasi ikisema kweli, wanapata siku nzima ya kutoa watoto, wazee na mifugo. Ikikosea, wanapata maji.

Mkuu wetu, Bwana Ambrose, anataka programu iwe safi kabla ya masika. Niambie: kuna mahali nisipopaswa kugusa?

Mdogo wako,
Raudha Athuman

*

Karonga,
20 Februari 1999

Kwa Dada Raudha Athuman,
Ofisi ya Mradi, Kyela.

Ndaga fijo kwa barua. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa uchungu na ya pili nikicheka. Hicho Kikaguzi chenu kina macho makali. Mita tatu nukta nane mahali kumi na moja ni kweli, na ni aibu. Irekebishe, iweke mahali pamoja. Mistari mia nne ikate vipande. Majina yaliyokaa vibaya yape majina mazuri.

Ila kifungu cha vituo, na vifungu vidogo vilivyo chini yake, naomba usiviguse mpaka tuonane. Nitakueleza mwenyewe kwa mdomo. Ni jambo lenye historia, na historia nyingine haiandikwi katika barua ya ofisi.

Nisalimie mzee wako Athuman pale dukani. Nancy, yule anayeuza vitenge, huvuka mpaka wa Kasumulu kila Jumanne na Jumamosi na hupita dukani kwenu. Ukipenda kuniandikia, mpe yeye.

Bado nipo hapa kwa mjomba, naangalia kompyuta ya kampuni ya malori. Mama yangu yuko kulekule Katumba Songwe, hataki kuhamia Malawi. Anasema mto ukiamua kumfuata utamfuata popote.

Wako katika kazi,
Erasto Lazaro

*

Kyela,
Jumamosi, 6 Machi 1999

Kaka Erasto,

Barua hii nampa Nancy kama ulivyotaka. Nina hasira nawe, na nadhani ni vizuri uzione zikiwa mbichi.

Barua yako ilifunguliwa na Bwana Ambrose kabla sijaiona, maana kila bahasha yenye anwani ya ofisi inapita mezani kwake. Aliniita, akaisoma kwa sauti mbele yangu, na alipofika pale pa historia isiyoandikwa akaiweka chini akacheka. Akasema mtu akipunguzwa kazi hufunga fundo kwenye kazi yake ili siku moja aitwe kulifungua. Akaniuliza kama mradi una fungu la kumlipa Erasto nauli kuja kutueleza kwa mdomo. Nilikutetea, kaka. Nilisema hukuwa mtu wa namna hiyo. Kisha akaniuliza, basi kwa nini hakuandika sababu?

Unajua vilevile yaliyotokea Desemba. Maria alisikia vibaya kwenye redio, akaandika nne badala ya mbili, mashine ikachapa ONDOKENI, na watu wa Katumba wakahama na ng'ombe wao kwa jua kali. Walirudi wakitutukana. Bwana Ambrose amesema mara nyingine tukiwahamisha bure hawatatusikia tena, na mimi nitakwenda nyumbani kumsaidia baba kuuza sabuni.

Kwa hiyo nimefanya kazi yangu. Ile tatu nukta nane sasa iko mahali pamoja. Vifungu vinne vilivyofanana kama mapacha nimevifanya kimoja. Na vile kumi na saba visivyoitwa nimevifuta vyote, vya vituo vikiwemo. Usidhani nilikurupuka. Kila kimoja nilitafuta jina lake katika programu nzima, mstari kwa mstari, na halikuonekana popote. Vingine vilinichekesha. Kimoja ulikiita JARIBU2 na kingine JARIBU3, nadhani JARIBU1 kilikufa mapema. Kingine kinaitwa BABAFELIST. Nilikaa nacho muda. Herufi nne za mwisho ni neno la Kiingereza la orodha, basi nikasema huyu kaka alikuwa na orodha kubwa akaiita baba wa orodha. Ndani yake mstari mmoja tu, unaongeza sifuri nukta sita kwenye kitu fulani. Orodha gani hiyo?

Baadaye niliilisha programu mpya namba zote za Januari na Februari. Karatasi zimetoka sawasawa na zile za zamani, neno kwa neno, vitongoji vyote SALAMA. Kikaguzi nacho sasa kinalalamika makosa thelathini na moja tu. Bwana Ambrose amenipa mkono mbele ya ofisi.

Kama ulifunga fundo, kaka, limekwisha kukatwa. Na kama hukufunga, niambie ulichokuwa unakificha.

Raudha

*

Kyela,
27 Machi 1999

Kaka Erasto,

Wiki tatu kimya. Nancy anasema aliiacha barua kwa mjomba wako, mkononi mwa mtu mzima, na kwamba hakukuona.

Kesho ni Idi kubwa na nyumbani kwetu kumejaa vitunguu. Mama ameuliza kama yule mwalimu wangu wa kompyuta atakuja kula pilau kama miaka ile. Nimemjibu kwamba mwalimu amekasirika.

Umekasirika? Nilikuandikia kwa ukali, nakiri. Sijutii nilichofuta, ila najuta kukwambia umefunga fundo kabla ya kukusikiliza.

Mvua imeanza. Imeanza kwa nguvu juu milimani, na mto umebadilika rangi.

Raudha

*

Karonga,
Jumapili, 11 Aprili 1999

Raudha,

Barua hii Nancy akupe mkononi, dukani, asimpe mtu mwingine. Isome ukiwa umesimama na uende ofisini saa hiyohiyo.

Sikukasirika. Sikuwepo. Tangu tarehe mbili Machi nilikuwa Mzuzu, kampuni ilinipeleka kufunga kompyuta za ofisi yao mpya, na nimerudi jana na kukuta barua zako mbili juu ya kabati la mjomba. Nimepiga simu ofisini kwenu. Posta hapa wanasema nyaya za upande wa Tanzania zimeanguka tangu Ijumaa.

BABAFELIST si orodha. Ni Baba Felista. Ni mzee Anyisile, msoma kipimo wa Katumba Songwe. Wewe unamjua kwa jina lililo kwenye orodha ya wafanyakazi, lakini kule mtoni hakuna anayemwita Anyisile. Tangu binti yake wa kwanza azaliwe yeye ni Baba Felista, na hivyo ndivyo nilivyomwandika katika faili la vituo. Programu yetu haikubali jina la kifungu lenye herufi zaidi ya kumi. Herufi ya kumi na moja ikaanguka.

Kikaguzi kimekudanganya bila kusema uongo. Hakuna mstari hata mmoja unaokiita kifungu kile. Programu inafungua faili la vituo, inachukua jina la msoma kipimo, inaliunganisha kuwa neno moja, inalikata herufi kumi, kisha inatafuta kama kuna kifungu chenye jina hilo. Ikikikuta inakipitia. Isipokikuta inapita kimya, hailalamiki. Jina limo ndani ya faili, na Kikaguzi hakisomi mafaili. Kinasoma maandishi ya programu tu.

Na sababu ni hii. Mwaka wa tisini na tano mafuriko yaliing'oa nguzo ya kipimo ya Katumba. Baba Felista aliitafuta kwenye matope siku mbili, akaisimamisha peke yake kabla wakaguzi hawajafika, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa kupunguza watu na msoma kipimo aliyepoteza kipimo angekuwa wa kwanza. Aliisimamisha juu ya ilipokuwa. Wakaguzi walipita, wakaona nguzo, wakatia sahihi. Mimi nilipita mwezi uliofuata na pima maji, nikakuta imepanda sentimita sitini. Yeye akisoma mita tatu, mto uko tatu na sitini. Aliniomba nisimseme. Ana watoto sita, Raudha. Nikasema nitalimaliza kwenye kompyuta, na nikalimaliza kwa mstari mmoja bila neno la maelezo, kwa sababu maelezo yangesomwa na Bwana Ambrose.

Majaribio yako yalitoka sawa kwa kuwa Januari na Februari mto uko chini. Ongeza sitini juu ya mita moja na nusu, bado ni SALAMA. Masika ndiyo yenye tofauti.

Kirudishe kile kifungu leo. Kama huwezi, ongeza sitini kwa kalamu kwenye kila namba ya Katumba. Mtu akiuliza, sema ni mimi.

Nilipokuandikia Februari nilidhani ungeelewa nilipomtaja Nancy, ukanijibu kwa siri, nami ningekueleza yote. Nilijiona mwerevu.

Erasto

*

Kyela,
Alhamisi, 15 Aprili 1999

Erasto,

Barabara imekatika pande zote mbili za Kasumulu tangu juzi asubuhi na sijui barua hii itavuka lini. Naandika kwa kuwa nisipoandika nitapasuka.

Jumatatu Maria aliniletea kikaratasi: Katumba Songwe, tatu nukta mbili nne. Mashine ikachapa SALAMA. Jumanne Maria hakuja, alikuwa msibani, kwa hiyo saa moja asubuhi redio nikaishika mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Sauti ya mzee ikaja na mikwaruzo: "Katumba Songwe, Baba Felista anaongea. Tatu nukta nne moja. Ova."

Niliandika namba, na kwa kuwa mwalimu wangu alinifundisha kuandika kila ninachosikia, nikaandika na jina. Nikakaa kuingiza namba. Mashine ikachapa SALAMA. Macho yangu yakarudi kwenye kikaratasi, nikaliona lile jina kwa herufi kubwa nilizoandika mimi mwenyewe, BABA FELISTA. Nilihesabu herufi kwa kidole. Kumi, halafu A.

Nilitoa disketi ya zamani, nikakifungua kifungu nilichokifuta. Ongeza sifuri nukta sita. Basi. Hakuna sababu, hakuna tarehe, hakuna jina la mtu wa kumuuliza. Tatu nukta nne moja na sitini ni nne na ushee. Hata ya Jumatatu ilikuwa imeshapita mstari. Kama ile sitini ni ya kweli, watu wa Katumba walitakiwa kuondoka tangu jana yake. Kama ni fundo lako, nitawahamisha bure mara ya pili, na hawataniamini tena hata siku ya maji yenyewe.

Bwana Ambrose alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisubiri uhakika. Nilisubiri dakika arobaini.

Mzee Anyisile alirudi kwenye nguzo kutazama tena. Ukingo ulikatika akiwa juu yake. Aliyetuambia ni Felista, kwenye redio ya baba yake. Hapo ndipo niliposema kengele ya kanisa ipigwe, na watu wakatoka. Maji yaliingia vitongojini saa tano. Nyumba tisini na zaidi. Watu wote wako juu shuleni, na mama yako yuko kwetu dukani, amekaa kwenye magunia na anauliza habari zako. Aliyekosekana ni mmoja tu. Walimpata jana mchana, chini sana, karibu na ziwa.

Mstari mmoja wa maelezo, Erasto. Maneno matano tu yangetosha. Ulinifundisha kila kitu isipokuwa kile.

Raudha

*

Karonga,
Jumatatu, 19 Aprili 1999

Dada Raudha,

Barua yako imefika leo. Nancy anasema yangu ya Jumapili ile alikupa juzi Jumamosi, kwamba alikaa nayo Kasumulu siku nne ndani ya bahasha ya nailoni akingoja maji yapungue, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama kama nilivyoagiza, kisha ukakaa chini.

Sina la kujitetea. Nilimficha mtu mmoja ili asipoteze kazi, na kwa kumficha nikamuua. Ndivyo ninavyoliona na usijaribu kunibadilisha.

Kuna jingine ambalo hulijui. Jumapili ile daraja la Kasumulu lilikuwa wazi. Kutoka hapa hadi Kasumulu ni safari ya asubuhi moja, na jioni ningekuwa Katumba, mbele ya mzee mwenyewe. Nilifikiria kuja. Nikamfikiria Bwana Ambrose, nikafikiria uso wako, nikampa Nancy barua. Barua haitazamwi usoni.

Nakuomba kitu kimoja. Ulisema alirudi kwenye nguzo kutazama tena. Kwa nini alirudi? Yeye alijua ile sitini kuliko mimi. Alisema neno?

Ndaga kwa kumweka mama.

Erasto

*

Kyela,
Jumamosi, 8 Mei 1999

Kaka Erasto,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu swali lako ndilo nililokuwa nalikwepa.

Alirudi kwa sababu nilimtuma. Katika barua yangu niliandika kana kwamba alikwenda mwenyewe, nikakutupia wewe mzigo wote. Nilimwambia kwenye redio kwamba nina shaka na namba yake, kuna jambo la sentimita sitini silielewi, je, analijua? Akaniuliza, "Erasto hakukwambia?" Nikasema hakuniambia kitu. Unajua redio ile, kila kituo kinasikia, hata cha Kasumulu, na Bwana Ambrose alikuwa begani kwangu na mzee aliisikia sauti yake. Akasema, "Basi subiri, nikakutazamie maji yenyewe yamefika wapi kwenye ukingo, nikuletee neno." Nami nikamwambia aende. Hakuweza kusema sitini mbele ya watu wote, kwa hiyo akaenda kutafuta kitu anachoweza kukisema.

Kwa hiyo tuko wawili. Tukimhesabu na yeye tuko watatu. Kila mmoja alimlinda mtu.

Nimemweleza Bwana Ambrose mambo yote, ya nguzo, ya kwako na ya kwangu. Nilidhani nitarudi nyumbani siku ileile. Alisema yeye ndiye aliyekuwa na orodha ya watu wa kupunguzwa mwaka ule, na kwamba jina la Anyisile lilikuwa la tatu. Nguzo mpya itasimamishwa Julai, mto ukishuka, na safari hii itapimwa mbele ya watu.

Sasa nikueleze lililotokea Jumatatu. Felista amechukua kazi ya baba yake. Redio iko kwao, mto anaujua, na ana watu wa kulisha. Bwana Ambrose akaniambia nimwingize kwenye kompyuta. Nikalifungua faili la vituo kwa mara ya kwanza tangu uniachie, nikafuta "Baba Felista", nikaandika "Felista Anyisile". Kidole kilikuwa tayari kuhifadhi. Kisha nikaona ninachokifanya. Programu ingekwenda kutafuta kifungu kiitwacho FELISTAANY. Isingekikuta. Ingepita kimya, na mto ungekuwa umepungua sitini tena kwenye karatasi, na Felista angekuwa pale ukingoni alipokuwa baba yake. Yaani nilikuwa nimekirudisha kile kifungu kwa mikono yangu, nikidhani nimemaliza, na kumbe kilikuwa kinangoja tu jina la mtu libadilike.

Nilitoka nje nikalia. Nikarudi.

Sitini haikuwa ya Baba Felista, kaka. Ilikuwa ya nguzo. Nimeihamisha, sasa inafuata kituo, asome nani asisome nani. Na programu isipokuta marekebisho ya kituo haipiti kimya tena. Inasimama, inauliza, na haichapi neno lolote mpaka mtu ajibu. Juu yake nimeandika maelezo. Jina la kifungu lina mwisho wa herufi kumi, lakini maelezo hayana mwisho, kwa hiyo nimeyaandika yote:

"Nguzo ya kipimo ya Katumba Songwe iling'olewa na mafuriko ya 1995. Anyisile, baba yake Felista, aliisimamisha tena peke yake, sentimita sitini juu ya ilipokuwa. Erasto Lazaro alijua na hakuandika. Raudha Athuman alifuta na hakuuliza vya kutosha. Kila namba ya kituo hiki iongezwe 0.60 mpaka nguzo mpya isimame. Ukitaka kufuta mstari huu, kwanza nenda Katumba ukaitazame nguzo."

Nimekilisha Kikaguzi tena. Kimesema maelezo ni marefu kupita kiasi, yapunguzwe. Nimeyaacha.

Felista anapiga redio kila siku saa moja, na sasa naipokea mwenyewe. Anataja kituo, anataja jina lake, anataja namba. Halafu anaongeza: "na sitini." Nimemwambia mara tatu kwamba kompyuta inaongeza yenyewe, asitaje. Anasema sawa dada, na kesho yake anataja tena, polepole, kila kituo kikisikia. Sijamkataza tena. Naiandika kwenye kikaratasi pembeni ya jina lake.

Matanga ya mzee yanaondolewa Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano. Felista ameniuliza kama yule Erasto aliyekuwa anakula ndizi kwao atakuja. Nikasema nitakuandikia. Mama yako amerudi kwake, paa limewekwa upya, na anakungoja.

Daraja liko wazi.

Raudha Athuman